Mama Kuku wa Maabara ya Watoto

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nimepewa heshima ya kuwasomea maisha ya dada yetu mkubwa, ambaye nyumbani tulimwita Dada hata sisi tuliokwisha kuota mvi, na ambaye hospitalini, kuanzia kwa mganga mkuu hadi kwa wafagizi, aliitwa Mama Kuku, na kwa kuwa wajukuu zake wamekuwa wakiuliza tangu juzi jina hilo lilitoka wapi, leo watasikia.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano wa fundi cherehani na mama aliyefua nguo za hoteli. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1963 hadi 1969, kisha sekondari ya wasichana hadi 1973, ambako mwalimu wa biolojia alimtoa nje mara mbili kwa kosa la kung'ang'ania hadubini wakati wenzake wako kwenye foleni. Baba alitaka asomee ukarani, akamwambia waziwazi kwamba hajamlea binti aje kuchungulia makohozi ya watu, naye akajibu kwa adabu kwamba makohozi yana mwenyewe, na mwenyewe anataka kupona. Wiki iliyofuata Baba akamshonea koti jeupe. Mwaka 1974 alijiunga na chuo cha maabara, akahitimu Novemba 1976, na tarehe 3 Januari 1977 akaajiriwa katika hospitali kuu, ambako alifanya kazi hadi alipostaafu.

Tarehe 9 Agosti 1980 alifunga ndoa na fundi wa majokofu wa hospitali hiyohiyo, shemeji yetu, aliyeitwa kutengeneza jokofu la maabara, akalitengeneza, kisha akawa anarudi kila wiki kulikagua ingawa lilikuwa zima, mpaka msimamizi akamwuliza kama kweli anachokikagua ni jokofu. Walijaliwa watoto watatu, mwalimu, dereva wa lori na muuguzi, ambao wote tuko nao hapa. Shemeji alitutangulia mwaka 2009.

Mwaka 1985 Dada alikabidhiwa maabara ya wodi za watoto, chumba chembamba chenye meza ya vigae, hadubini mbili, na dirisha linalotazama kamba za kuanikia mashuka. Kazi iliyomkaa moyoni ilikuwa ya watoto wenye nimonia ambao maji, na baadaye usaha, huwajaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, hata mtoto akashindwa kumaliza sentensi bila kuhema. Daktari huchoma sindano kati ya mbavu, akavuta maji hayo, na maabara hujaribu kuotesha vimelea vilivyomo, ili ijulikane ni dawa ipi inayoviua. Kwa miaka sita majibu aliyoyatoa kwa maji ya kifuani yalikuwa karibu yote ya namna moja, hakuna kilichoota. Daktari wa watoto, mtu mrefu ambaye wauguzi walimwita Mlingoti, alimfuata siku moja akamwuliza, "Mama, kila nikikuletea usaha hamna kitu, kwani watoto hawa wananunua usaha dukani?"

Wauguzi walicheka, yeye hakucheka. Hiyo ilikuwa Julai 1991, na kwenye kitanda cha karibu na mlango alilala msichana wa miaka minne ambaye sindano za penisilini zilikuwa hazimsaidii, homa haishuki, na ilibaki kukisia dawa nyingine au kumfungua kifua. Dada alirudi kwenye hadubini akatazama tena kioo alichokipaka kwa usaha wa mtoto huyo, akaviona vimelea vimekaa viwiliviwili, lakini kwenye sahani ya kuoteshea hapakuwa na hata kimoja. Mlingoti alisema vimeuliwa na dawa, naye akamjibu, "Kama dawa imeviua, mbona mtoto bado anachemka?"

Akaamua kuifuata njia ya sampuli yenyewe, kutoka kitandani, hadi kwenye trei ya muuguzi, hadi kwenye jokofu la wodini ilikosubiri mpaka siku ya pili, kwa sababu juu ya mlango wa jokofu palibandikwa karatasi iliyoagiza kwamba sampuli zote ziwekwe humo. Mwandiko ulikuwa wake. Aliiandika alipokabidhiwa maabara, kwa sababu mkojo ulikuwa ukiharibika kwa joto, na kwa mkojo agizo lilikuwa sahihi, lakini vimelea vya kwenye mapafu havivumilii baridi, na wauguzi, kwa utii wao, walikuwa wakiviua kwa baridi kabla havijamfikia.

Angeweza kuibandua karatasi kimyakimya, na asiwepo wa kumwuliza. Badala yake aliingia nayo mkononi kwenye kikao cha asubuhi, akasema, "Mwandiko ni wangu, kosa ni langu, wauguzi wasiguswe," kisha akaomba mtoto achomwe tena. Mlingoti alisita, kwa kuwa sindano ile inauma, na safari hii pia kisipoota kitu watakuwa wamemwumiza mtoto bure. Uamuzi uliachiwa mama wa mtoto, muuza mitumba, ambaye alimtazama Dada usoni akamwuliza kama mara hii watapata. Dada akamwambia, "Sijui, mama, ila mara ya kwanza tuliharibu wenyewe." Yule mama akavua kitambaa kichwani, akampakata mwanawe, akasema haya, fanyeni.

Dada hakusubiri kuletewa. Alitoka maabara na sahani zake zimefungwa kwenye sweta, zimekumbatiwa tumboni zisipoe, akapita uani mbele ya watu wote hivyo, akapokea bomba la sindano kutoka mkononi mwa daktari, akamimina usaha kwenye sahani palepale kitandani, akarudi amezikumbatia. Mfagizi mmoja akasema, "Jamani, mama anaatamia," na jina likawa limepatikana. Baada ya siku mbili vimelea viliota, ikaonekana dawa inayoviua, mtoto akabadilishiwa, akawekewa mrija wa kutoa usaha, homa ikashuka, akarudi nyumbani kwa miguu yake bila kufunguliwa kifua.

Tangu hapo hakuna maji ya kifua cha mtoto yaliyoingia jokofuni katika hospitali ile, na wanafunzi wote waliopita mikononi mwake, ambao leo wanaongoza maabara kwingine, wanaatamia. Alistaafu tarehe 31 Machi 2016, akaagwa kwa zawadi ya sweta, akalivaa hadi viwiko vikatoboka.

Mwaka 2018 aligundulika kuwa na shinikizo la damu, Oktoba 2023 alipata kiharusi kilichomchukua mkono wa kulia, akajifunza kuandika kwa kushoto na kututania kwamba sasa mwandiko wake ni wa daktari, hausomeki. Alifariki asubuhi ya tarehe 21 Mei 2024, wodini, binti yake muuguzi akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, ameacha watoto watatu, wajukuu saba na wadogo zake wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia na kulala nasi msibani, na wafanyakazi wenzake wa maabara waliokuja na makoti yao meupe. Tunamshukuru pia mama mmoja, muuza mitumba, ambaye hatukuwahi kupata nafasi ya kumtembelea, aliyeambiwa ukweli usiopendeza na bado akampakata mwanawe kwa sindano ya pili, kwa maana alimwamini dada yetu siku ambayo Dada mwenyewe hakuwa na uhakika.

Dada, umefanya kazi, na tumeiona. Sasa pumzika, na amani iwe nawe.