Jiko Alilolisafisha Jabiri

Miaka ile ya soko huria kila mwenye kiwanja Arusha alikuwa anajenga hoteli ya watalii, na habari za hoteli zote zilipita kwanza kwenye benchi la kahawa la mzee Abdulrahman, pale Ngarenaro. Alasiri hiyo Jabiri, fundi bomba anayejulikana zaidi kwa jina la Spana, alikaa ukingoni mwa benchi amenuna. Elihuruma, kijana aliyejifunza ufundi mikononi mwake, alikuwa amepita sasa hivi na ovaroli jipya la hoteli moja ya njia ya Olmotonyi. Jabiri alimwonea wivu, na wala hakuuficha.

— Lile jiko la hoteli yao nililisafisha mimi, alisema. Mafuta yaliposhika moto, mtambo wa kuzimia moto ukamwaga dawa yote, jiko zima likajaa ute. Nani aliitwa? Mimi. Nikakomba, nikaosha, masufuria yakang'aa. Gesi ilikuwa imejifunga yenyewe, nikaifungua kwa spana hii hii. Jioni watalii wakala chipsi zao.

— Sasa Elihuruma kaingiaje hapo? aliuliza Lemburis, dalali wa ndizi aitwaye Redio kwa kuwa hazimiki.

— Kaja baada ya wiki. Kafunga mtungi mpya wa dawa ya moto, kabadilisha vikorokoro huko juu ya jiko, meneja kampa ajira. Mtungi tu, Redio. Mtungi.

— Huyo kamwekea meneja kitu kwenye chai.

— Wapi, alisema mzee Abdulrahman akisuuza vikombe. Ni wenye kuuza mitambo hao. Tangu milango ifunguliwe wanatuletea vitu vya kutumika mara moja. Umeunguza kitunguu, mtungi mtupu, nunua mwingine. Na Elihuruma anapata chake.

Redio hakuwa mtu wa kukubali kupitwa.

— Mzee, wewe hujafika shambani kwa Elihuruma, kule Kikwe. Nenda ukaone mahindi yake. Ile dawa anaizoa kwa ndoo, anamwagia shambani. Nawaambia, huwa anaufyatua mtambo mwenyewe kila akitaka mbolea.

Jabiri alijua huo ni uongo mtupu, maana dawa ile aliisukumia mtaroni yeye mwenyewe kwa ufagio. Lakini ulimwingia vizuri kuliko kahawa.

— Mahindi yake nimeyaona, alisema. Si ya kawaida.

Kilichomuuma zaidi hakukisema. Mkewe, Maulida, alikuwa mpishi wa hoteli hiyo hiyo, na siku hizi alikuwa hamalizi kula bila kumtaja Elihuruma: Elihuruma kasema hivi, Elihuruma kakagua vile. Jabiri alikuwa anatafuna ugali kama mtu anayetafuna mchanga.

Wakiwa bado kwenye mahindi, Maulida mwenyewe akatokea, anatoka kazini, kikapu mkononi, amefuata ufunguo wa nyumba.

— Shikamoo mzee.

— Marahaba, Mama Chiku. Mumeo anatueleza alivyolifufua jiko lenu.

— Alilisafisha kweli. Lilitakata.

Jabiri akajiweka sawa kwenye benchi, akamtazama Redio kwa ushindi. Maulida alipokea ufunguo, lakini hakuondoka.

— Baba Chiku, hebu nikuulize. Wiki ile nzima, kabla Elihuruma hajaja, nilikuwa nakaanga chipsi pale pale. Mafuta yangeshika moto tena, ungezimwa na nini?

Redio akageukia barabarani. Jabiri aliikodolea macho spana yake. Siku ile, baada ya kuosha kila kitu, alikuwa ameugonga mtungi kwa kiganja na kusikia kuwa ni mtupu. Akaufuta vumbi, akaurudisha mahali pake.

— Haya, tutaonana nyumbani, alisema Maulida, akaenda zake.

Mzee Abdulrahman akainamisha birika kumjazia Jabiri kikombe. Halikutoa hata tone; akalifuta, akalirudisha mahali pake.