Njia ya Kushoto

Benchi la kahawa mbele ya kibanda cha fundi viatu lina mguu mmoja mfupi, kwa hiyo wote wakaao hapo huinamia upande mmoja, na huenda ndiyo maana mawazo yao hayanyooki. Asubuhi hiyo Mtandao, mtunza kompyuta wa kliniki iliyo ng'ambo ya barabara, alifika uso umemshuka. Saa nne alitakiwa kumweleza mkurugenzi kwa nini mafaili ya wagonjwa yanafunguka kwa kujikokota tangu Jumatatu. Asipoeleza, kazi inapewa kampuni ya nje. Aliogopa kwelikweli.

Aliwafafanulia wenzake taratibu. Mafaili yanakaa kwenye kabati la diski lenye wasimamizi wawili, mitambo miwili inayosaidiana: wa Kushoto na wa Kulia. Kompyuta kubwa ina nyaya nne, mbili kwa kila mmoja. Jumatatu alihamisha mafaili, akamkabidhi Kulia. Ila kompyuta bado inayaomba kwa Kushoto, naye inabidi ayafuate kwa mwenzake ndipo ayalete.

— Mazoea hayo, akasema Injini, fundi wa pikipiki. — Mimi nilipohama nyumba, mwezi mzima nilikuwa narudi ile ya zamani. Mpangaji mpya akaishia kunipakulia chakula.

Wakili alikataa katakata. Huyu huuza magazeti, na mahakamani aliingia mara moja tu, kama shahidi, akatolewa kwa kuropoka. Kwa maoni yake, Kushoto ametoa hongo.

— Hongo ya nini? akauliza Mtandao.

— Umeme. Anajibania kidogo, anazipelekea nyaya.

Fundi viatu, misumari mdomoni, akasema hawa wote hawajaoa. Kompyuta inamwonea haya Kulia kwa sababu Kulia ni shemeji.

— Kwa shemeji huvamii na shida zako. Unapitia kwa dada.

Injini hakutaka kushindwa. Akadai dunia inazunguka kuelekea kushoto, na data ikikata kona kulia kwa kasi ile inapata kichefuchefu. Wakili akasema hilo liandikwe. Mtandao, kwa aibu aliyojionea mwenyewe, alikuwa ameanza kupima ni lipi kati ya haya mkurugenzi angelimeza.

Mama mmoja mgeni, aliyekuwa akisubiri kiatu cha mwanawe, akakohoa kidogo.

— Samahanini, kaka zangu. Mimi mashine sizijui. Nani aliiambia ipite kushoto?

Injini alitazama kikombe chake. Fundi viatu alitema misumari yote kiganjani.

Mtandao alihisi masikio yanawaka. Mashine hizi, zikiachwa, huwauliza wasimamizi wenyewe nani ameshika mafaili, kisha hufuata njia yake. Miaka miwili iliyopita yeye hakuziamini. Alizima maswali hayo, akaandika kwa mkono wake kwamba njia ni ya kushoto, siku zote, halafu akapongezwa mbele ya wafanyakazi wote.

— Mama kakuuliza, Wakili akamhimiza. — Ni nani?

— Kuna mtu, akasema Mtandao, akiinuka. — Naenda kumtaja.

— Anafanya kazi wapi?

— Hapo kliniki. Mpaka saa nne.