Bwana Zorobabel Kambere, Mutu wa Mia na Ine kwa Mia

Imeandikwa na Asumani Mashaka, mupeleka-barua wa bureau

Miaka thelathini na saba na miezi mine: ndiyo kazi aliyofanya Bwana Zorobabel Kambere katika bureau ya inspection ya mashule, hapa Beni. Anaingia pensheni tarehe 30 Juni 1967. Wakubwa waliochagua tarehe hiyo walisahau kwamba ni sikukuu ya Uhuru na bureau inafungwa, donc siku yake ya mwisho ya kazi hatafanya kazi. Wenye wivu wanasema siku zingine zilikuwa vile vile. Hapana. Mutu huyu alifanya kazi, na sisi tuliokaa naye chumba kimoja ndio mashahidi, maana mara nyingi tulikuwa tunamutazama.

Alizaliwa Kalunguta, akasoma kwa mission mpaka mwaka wa tano, akaingia bureau kama mufagiaji. Mubelgiji wa wakati ule aligundua kwamba kijana huyu anaweza kujumlisha bila kutumia vidole, wakati karani wake alitumia vidole na bado alikosea. Akamupokonya ufagio, akamupa meza. Tangu siku ile kazi yake ilikuwa moja: kila mwaka kuhesabu wanafunzi wa eneo letu, kutoka Kyavinyonge kwenye ziwa mpaka Eringeti kwenye njia ya Ituri, ni wangapi walishinda mutihani wa mwaka wa sita, kisha kuandika rapport ya maendeleo. Directeur wa shule ya Kyavinyonge alikuwa anatuma hesabu zake pamoja na zawadi ya samaki, katika kikapu kimoja. Ndiyo maana rapport ya mwaka 1949 paka wa bureau aliisoma kabla ya Inspecteur.

Ukutani, nyuma ya meza yake, kulikuwa karatasi kubwa yenye mustari mwekundu. Mustari huo ulionyesha wangapi kwa mia walishinda, mwaka kwa mwaka. Tumekuwa na wakubwa wengi, warefu na wafupi, weupe na weusi, walevi na wa sala, na wote walipenda kitu kimoja: mustari upande. Mubelgiji aliupandisha mpaka ukapita ule wa Brussels. Uhuru ulipofika, mukubwa wetu mupya alisema uhuru hauwezi kuwa na pourcentage ndogo kuliko ukoloni, na mustari ukapanda, ijapo mwaka ule walimu wengine waliandika ubaoni kwa muhogo mukavu, maana chaki haikuonekana. Hatusemi kwamba Bwana Zorobabel alidanganya. Tunasema kalamu yake ilikuwa na heshima kwa wakubwa.

Agosti 1964 waasi waliingia. Kolonel wao, ambaye ndevu zilikuwa bado zinafikiri kama zitoke, alitazama ukuta akakasirika: namna gani mustari unapanda wakati wa wakoloni? Sisi wengine tulikuwa tayari chini ya meza. Bwana Zorobabel alibandua karatasi polepole, akaipeleka dirishani, akaigeuza kwa nyuma mbele ya jua. Wekundu ulionekana upande wa pili, na mustari ukawa unashuka, miaka yote, kama maji ya mulima. Kolonel akafurahi sana. Akaomba wakati wake uandikwe pale mwisho, unapanda. Ukaandikwa 98. Jeshi la serikali liliporudi, karatasi iligeuzwa tena, mustari ukaendelea kupanda, na ile 98 ikabaki hapo hapo, maana wino wake ulipenya mpaka mbele.

Sasa tufike mwaka 1965, ambao ndio sababu ya kuandika ukurasa muzima badala ya mistari mitatu.

Mwezi wa kwanza Bwana Zorobabel alihesabu wanafunzi wa mwaka wa sita: 225. Hesabu ikapelekwa province. Mwezi wa tatu vita ikachoma vijiji vya njia ya Eringeti, na mwalimu Vagheni akafika kwa miguu na batoto wa darasa lake na wa madarasa ya jirani, hamsini na saba, wote wa mwaka wa sita, wengine bila kitu mukononi ila daftari. Tukawagawa katika mashule ya Beni na Butembo, watano kwa benchi ya watatu. Mwezi wa saba wakafanya mutihani pamoja na wenyeji. Walioshinda wote pamoja: 234. Kati yao arobaini na moja walikuwa wale wa kutembea.

Gawanya wewe mwenyewe. Mia na ine kwa mia, 104.

Inspecteur wetu, Bwana Kabongo Léon, mutu wa Kasai, aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Zorobabel, chupa moja inaweza kutoa bia ya chupa moja na nusu?"

"Kama jirani amemimina yake ndani, Bwana Inspecteur, inaweza."

Bwana Zorobabel akapendekeza wale wageni waongezwe kwenye hesabu ya mwanzo. Ingekuwa kweli kabisa, lakini ingetoa 83. Inspecteur akatazama ile 98 ya waasi ukutani. Serikali imeshinda vita, kisha inashindwa na waasi kwa pourcentage? Hapana. Akafungua tiroir ya meza, akaonyesha barua: ya kumupandisha Bwana Zorobabel cheo cha commis-chef, mukubwa wa makarani, cheo alichokingoja miaka kumi na moja.

"Hii nitaitia saini pamoja na rapport. Toa batoto tisa, tubakie na mia kamili."

"Batoto gani?"

"Ye yote. Hapana uniletee maulizo."

Sasa mutoto asiye na certificat ya mwaka wa sita hapandi secondaire. Anarudia mwaka, kama ana shule ya kurudia. Shule ya wale wa kutembea ilikuwa majivu. Na sisi wote katika bureau tulijua "ye yote" ni nani: ni yule ambaye baba yake hawezi kuja kupiga meza. Mwalimu Vagheni naye alijua. Alisimama mulangoni asubuhi nzima, kofia mukononi, akamuita Tata, ni kusema baba.

"Tulitembea siku tatu, Tata Zorobabel. Sikupoteza hata mumoja. Sasa niko napoteza tisa ndani ya bureau."

Bwana Zorobabel alitia karatasi katika machine ya kuandika, akaanza kupiga. Tulimuona mubaya siku ile, tuandike kweli. Mumoja wetu alimunyima hata chumvi ya viazi.

Desturi ya Bwana Inspecteur ni kutia saini siku ya Ijumaa, camion ya tajiri Jumaine inapopiga honi ya kumupeleka Butembo. Kwa honi ya kwanza anavaa koti, kwa ya pili anatia saini, kwa ya tatu yuko garini. (Bwana Inspecteur amesoma karatasi hii kabla haijatoka. Ameturuhusu, ila tuandike kwamba alikuwa na haraka. Alikuwa na haraka.) Liste ya majina 225 ikapata saini kwa honi ya pili. Jumatatu ikabandikwa nje.

Kufika saa tatu, bureau ilijaa. Captain wa jeshi alifika na bastola yake. Juge, hakimu wetu, alifika. Jumaine alifika na camion, akaiacha katikati ya njia. Na Mama Monique, muke wa Inspecteur wetu, alifika kwa miguu kutoka jikoni, mwiko mukononi, bado na sombe ya majani ya muhogo. Majina tisa yaliyokosa katika liste: mutoto wa Captain, wa Juge, wa Administrateur wa eneo, mapacha wa Jumaine, watatu wa wafanyabiashara wakubwa, na wa kwanza kabisa, mutoto wa Bwana Inspecteur Kabongo.

"Umefanya nini, Zorobabel?"

"Ulisema ye yote. Nikachagua tisa ambao wakirudia mwaka hawatakosa chakula wala shule."

"Rudisha."

"Nikirudisha inakuwa mia na ine."

Mama Monique alisogea hatua moja. Mwiko ulidondosha sombe juu ya rapport, alama yake iko mpaka leo, ukurasa wa pili.

"Basi," akasema Inspecteur, "mia na ine."

Certificat 234 ziligawanywa. Mwalimu Vagheni alichukua zake arobaini na moja, akazihesabu mara tatu, akakaa chini kwenye ngazi akalia, kisha akaomba maji. Sisi wa bureau tulingoja adhabu ya province. Miezi mine baadaye barua ikafika: pongezi kwa kupita mpango wa serikali, na maombi kwamba mwaka ujao tufikishe 106.

Barua ya commis-chef haikutoka katika tiroir. Bwana Zorobabel anaondoka na cheo kile alichokuwa nacho, kwenye kiti kile, na hakuna siku aliyotuuliza habari yake. Katika rapport thelathini na saba alizoandika, ile moja tu ambayo haiwezekani ndiyo yenye kweli.

Tunakushukuru, Tata. Na yule aliyekunyima chumvi ndiye ameandika karatasi hii. Naomba radhi mbele ya wote. Kule Kalunguta maharage yako yaote, magoti yako yapone, na usihesabu tena kitu cho chote isipokuwa wajukuu.

Na ninyi vijana 234, mulio secondaire leo: wale tisa ambao wangepotea kweli hawakuchaguliwa kamwe. Hakuna anayejua wangekuwa nani. Donc ukimukuta Tata Zorobabel njiani, uwe mutoto wa Eringeti au wa Captain, simama, toa kofia, umusalimie kwa mikono mbili. Labda ni wewe.