Papa Gérard Akonkwa, Aliyengojewa Tribunal Leo Asubuhi

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, watumishi wa Mungu, mimi ni Firmin, mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake, nami nitayasoma polepole kwa sababu tumechoka.

Papa Gérard Akonkwa alizaliwa Bunyakiri tarehe 14 Machi 1968, akasoma shule ya msingi hapo hapo, akamaliza sekondari hapa Bukavu mwaka 1987, akapata licence, shahada ya chuo kikuu, ya uchumi mwaka 1993, na tangu hapo akafanya kazi ya hesabu za makampuni, kazi ya kukaa sana na kusifiwa kidogo.

Tarehe 10 Agosti 1996, miezi miwili kabla ya vita, alifunga ndoa na Maman Cibalonza, na Papa Isidore, aliyekuwa mkubwa wake kazini, akakubali kuwa parrain wao, msimamizi wa ndoa, akawaambia mbele ya wageni kwamba matatizo yao wayapeleke kwake, kwani "neno ya ku meza yangu haitokake inje," yaani la mezani kwake halitoki nje, na kweli, kila walipogombana walikwenda kula kwake, wakarudi wamepatana. Mungu aliwajalia watoto wawili, Aimée na Xavier.

Mwezi Februari 2022, kiwanda cha sabuni cha Kavumu kilipofilisika, tribunal, mahakama yetu, ilimteua marehemu kuwa syndic, yaani msimamizi wa ufilisi, mwenye haki ya kumwita mkurugenzi, karani au mtu yeyote, aje aulizwe mbele ya juge, hakimu, mashine za kiwanda zilizopotea zilikwenda wapi. Mkurugenzi alikuwa Papa Isidore. Marehemu aliona aibu kumwita parrain wake tribunal kama mwizi bila kumwona kwanza, basi akachukua katoni ya bia, akaenda kwake kama mtoto anavyopaswa, wakala, na hapo mezani mzee akamweleza yote, mashine moja baada ya nyingine. Siku ya kuulizwa mbele ya juge, mzee alisema hajui chochote, na marehemu, aliyekuwa na jibu tumboni, akanyamaza kwa heshima ya meza ile.

Lilikuwa kosa, na lilimla. Wafanyakazi wa Kavumu walizoea kuja nyumbani kuuliza kama kiwanda kitafunguliwa, Maman Cibalonza akawapa viti, hakuwa na zaidi.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua, na mwezi uliopita, akiwa kitandani hospitalini, aliomba syndic mwingine ateuliwe, na yeye mwenyewe aitwe kama shahidi aseme aliyoyasikia mezani. Alikubaliwa, akapangiwa leo, Alhamisi tarehe 17 Oktoba 2024, saa tatu asubuhi. Alifariki Jumatatu alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopambana hadi mwisho, majirani wa Kadutu waliopika na kulala nasi kwenye matanga, wenzake wa kazi, na wafanyakazi wa Kavumu waliobeba jeneza ingawa wao ndio waliongoja bure.

Papa Isidore, wewe uliyenunua jeneza hilo, familia inakushukuru pia, na tunakujulisha kwamba syndic mpya, Maman Ghislaine, ameketi nyuma yako, na kwamba mtu anayejua yaliyosemwa kwenye meza ile sasa amebaki mmoja.

Kaka Gérard, wewe hutaulizwa tena. Pumzika kwa amani.