Delvino Baruffi, Aliyeonja Chumvi Badala Yangu

Padre, ndugu na majirani wa Linha dos Pinheiros, nasoma wasifu huu wa marehemu kwa niaba ya familia, nimeandika mwenyewe, na shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo anayetaka maneno mazuri amsubiri padre.

Delvino Baruffi alizaliwa tarehe 14 Juni 1961 hapa hapa, kusini mwa Brazili, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Ângelo na Gema, mimi Olívio nikiwa wa kwanza. Alianza shule mwaka 1968, akamaliza 1975 akiongoza kwa hesabu, na kuanzia Machi 1977 alipima mahindi kwenye ghala la ushirika, akikumbuka uzito wa kila mkulima bila kufungua daftari.

Kila majira ya baridi baba alipochinja nguruwe, mtoto mkubwa ndiye aliyeonja nyama mbichi iliyosagwa, kabla haijajazwa kwenye utumbo, aseme kama chumvi ya salami, soseji yetu ya kukausha, inatosha. Mkubwa nilikuwa mimi, na nyama mbichi ilinitapisha, basi nikamsukuma Delvino, ana miaka saba, nikamwambia, "Onja wewe, acha uoga," naye akalamba kidole akacheka, "Baba, hii chapwa kama maji ya mto!" Kazi ikawa yake kwa miaka kumi na minne.

Mwaka 1982 alimchumbia Ivete Pagnussat, yule pale, lakini Mei 1983 akaanza kusikia watu wakimsema ndani ya mahindi, madaktari wakasema ni skizofrenia, harusi ya Septemba haikufungwa, na hakujaliwa mtoto. Dawa zilinyamazisha sauti, lakini kumbukumbu iliyopotea na ugonjwa haikurudi, akawa anasahau uzito wa gunia lililo bado kwenye mizani, na mwaka 1986 akaachishwa kazi. Mlimwita mvivu, msiangalie chini, mimi ndiye niliyeanza. Nilimfokea, "Kichwani umejaza pumba?" naye akajibu, "Niambie tena, kaka, polepole."

Oktoba 2011 Daktari Neusa Tormen alimsomea maneno kumi ayarudie, Delvino akakumbuka matatu tu, na damu yake ikaonyesha toksoplazma, kimelea kinachotoka kwa paka na kwenye nyama mbichi. Alinieleza kwamba baadhi ya wagonjwa wa aina yake wenye kimelea hicho hupungukiwa zaidi na kumbukumbu, kisha akasema, "Mzee Olívio, sikudanganyi, hakuna ajuaye alikipata wapi, wala kama ndicho kilichomharibu, wengi wanacho na ni wazima." Nikamwambia anipime na mimi.

Damu yangu ilikuwa safi.

Februari 2019 moyo wake ulianza kuchoka, akalazwa tarehe 28 Julai, akafariki tarehe 3 Agosti saa kumi jioni, akiwa na miaka 58. Siku ya mwisho hakunijua, alinishika mkono akaninong'oneza, "Bwana, usimwambie Olívio kwamba nimesahau, atafoka."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa ghalani, majirani waliomrudisha kila alipopotea njia, na Ivete aliyemletea supu kila Jumapili kwa miaka thelathini na sita. Tangu jana mnanipa pole kwa mzigo niliobeba. Sizipokei, na jina langu lisisomwe kati ya waliomtunza.

Delvino, mdogo wangu, lala kwa utulivu, sahau unachotaka, hakuna anayefoka.