Kicheko cha Robi

Kila asubuhi, Noah ya abiria ikishaondoka Kenyamonta, Mwalimu Eugenia huvaa hedifoni na kufumba macho mpaka Mugumu. Leo alizivua aliposikia mzee wa kiti cha mbele akimuuliza jirani yake aliyevaa sare ya uuguzi, "Nesi, binti yangu Robi meno yamepandana. Kumfunga waya kunachukua saa ngapi?"

"Saa, baba? Siku ya kwanza hawafungi. Daktari anamwangalia, anampiga picha ya mionzi, anachukua vipimo vya meno, ndipo anataja bei. Jiandae hata na milioni tatu. Na waya atakaa nao kama miaka miwili."

"Hao ni ng'ombe watano!"

"Wenzako wanatoa ng'ombe wapate mke mzima, wewe unanunua meno tu! Au unataka mahari ipande?"

Gari zima lilicheka. Eugenia naye alicheka, kiganja mdomoni kama kawaida yake, kisha akaona aibu, kwa sababu mzee hakucheka.

Noah ikasimama stendi. Watu wakaanza kushuka, mzee akabaki ameketi.

"Mahari ya nini, nesi? Robi akicheka anafunika mdomo. Mtoto nimemzaa mwenyewe, na kicheko chake sikijui. Nataka nikione."