Shangazi na Herufi A Isiyo na Kitundu

Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu, mpangaji kurasa wetu mkuu atazima kompyuta yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na miwili katika kiwanda hiki cha uchapaji. Jina lake kamili limo kwenye barua ya kustaafu, na wengi wetu tulilisoma humo kwa mara ya kwanza. Sisi humwita Shangazi. Hata meneja aliyepita, aliyemzidi umri kwa miaka mitano, alimwita Shangazi, naye aliitika bila kucheka.

Alianza kazi na wembe, rula na chupa ya gundi. Alichora neno kwa herufi nene kwenye karatasi nyeupe, akazikata herufi zikatoka, kisha akailaza karatasi hiyo yenye matundu juu ya picha. Ukitazama, picha inaonekana ndani ya neno. "MVUA" ilijaa mawingu, "SOKO" ikajaa nyanya, na vidole vya Shangazi vikajaa plasta.

Kompyuta zilipoingia, alinuna wiki nzima. Wiki ya pili alivuta kiti kando ya fundi wa kompyuta, akamwambia, "Nionyeshe inatoboaje." Fundi akamwonyesha: andika neno, ligeuze kuwa umbo, liweke juu ya kisanduku cheupe, chagua vyote viwili, kisha iamuru programu itoboe. Nyuma yake weka picha. Shangazi alitazama kazi yake ya siku mbili ikiisha kwa dakika moja, akauliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu mwingine anayejua jambo hili.

Fundi alisahau kitu kimoja tu. Neno likishageuzwa umbo si maandishi tena, na kosa lililomo halifutiki. Ndivyo kalenda ya mwaka ule ilivyotoka na mwezi wa "FEBUARI", milima ya kupendeza ikionekana ndani ya kila herufi. Mimi ninayeandika haya ndiye msomaji wa prufu, anayesaka makosa kabla ya kuchapa. Nililetewa ukurasa ule, nikaisifu milima. Tangu hapo Shangazi hakutoboa neno kabla sijalisoma mbele yake herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Lakini kazi inayosimuliwa zaidi humu ndani ni jalada la kitabu cha mahafali ya chuo cha wakunga. Wahitimu walikuwa arobaini na mmoja, wamepiga picha moja pamoja na mkuu wa chuo, na chuo kilitaka waonekane ndani ya neno "WAKUNGA". Sherehe ilikuwa Jumamosi. Alhamisi asubuhi mashine ilikuwa tayari, meneja amesimama mlangoni, na Shangazi anahesabu nyuso za wahitimu kwa ncha ya penseli. Alipata arobaini. Akahesabu tena, arobaini.

Aliifungua picha yenyewe, akampata aliyepotea: msichana mfupi wa mstari wa nyuma, uso wake umefunikwa na kile kipembetatu cheupe cha katikati ya A ya mwisho. Alisogeza picha kushoto, wakapotea wawili. Akaisogeza juu, akapotea mkuu wa chuo.

Meneja alichoka. "Shangazi, wahitimu arobaini wanaonekana. Huyo mmoja nani atamtafuta?"

"Mama yake," akajibu, macho yakiwa kwenye skrini.

Kisha akakifuta kile kipembetatu. A ikabaki bila kitundu, imejaa picha kutoka juu hadi miguuni, na yule msichana akatokea katikati yake akitabasamu. Meneja aliuliza kama hiyo ni A au hema. Shangazi akaniambia nisome. Nikasoma, "Wakunga." Mashine ikawashwa.

Ijumaa jioni chuo kilituma gari kuchukua vitabu, na pamoja na dereva alishuka mama mmoja aliyeomba nakala yake palepale kaunta. Alipitisha kidole juu ya jalada polepole, herufi baada ya herufi, mpaka ile ya mwisho, kikasimama. Alikifunga kitabu ndani ya khanga yake kama anayefunika mtoto, akatoka. Shangazi aliyaona yote kupitia kioo cha ofisi, akarudi mezani na kumwomba meneja ruhusa ya kwenda kunywa chai. Alipewa.

Majalada yake yamezidi elfu mbili, na wapangaji kurasa watano waliopitia mikononi mwake wanafanya kazi hapa hadi leo. Anasema anakwenda kupumzika kwa dada yake, ambako hakuna kompyuta.

Shangazi, asante kwa kila ukurasa. Tunakuombea afya, usingizi usiokatizwa na kengele, na miaka mingi ya kufanya unachotaka. Simu ya kazini ikilia, usipokee, hata kama tunaopiga ni sisi.